Mistari Thelathini: Habari za Televisheni ya Gurudumu

Mtu akiisogelea televisheni ya zamani, ile yenye kisogo kirefu, hata pua ikakaribia kugusa kioo, sura ya msomaji wa habari humpotea na mahali pake akaona mistari. Ni mistari myembamba, iliyolala mmoja chini ya mwenzake kama mishororo ya utenzi. Jambo hili nililigundua utotoni, mwishoni mwa miaka ya 1970, hapa Unguja, siku ambazo watoto wa mtaa mzima tulikuwa tukirundikana mbele ya televisheni moja. Wakubwa walikaa nyuma kwenye viti, sisi mbele kwenye mkeka, na mdogo kuliko wote ndiye aliyekuwa karibu mno na kioo. Nilikaripiwa kwamba nitayaharibu macho. Lakini nilikwisha kuiona siri: kumbe picha nayo huandikwa, tena mstari kwa mstari.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimezama katika kazi ya kutunga na kufasiri, niliirudia siri ile kwa njia ya vitabu. Mimi si mhandisi; elimu yangu nimeiokota mwenyewe, kitabu hapa na kitabu pale. Nilitaka kujua ni nani aliyefikiri mwanzo kwamba uso wa mtu unaweza kukatwa mistari, ukasafirishwa, kisha ukaungwa tena upande wa pili. Nilitaraji kukutana na mitambo ya elektroni. Nilichokutana nacho ni gurudumu: bamba la duara lenye matundu, likizunguka kwa mota mbele ya taa kali. Kwa muda wa miaka kumi hivi, kuanzia 1925, televisheni ya dunia nzima ilitegemea gurudumu hilo.

Gurudumu lilishindwa, na makala haya hayakusudii kudai kwamba lilidhulumiwa. Lakini kilicholishinda kilirithi kutoka kwake karibu kila kitu chenye maana, na warithi aghalabu husahau waliowaachia mali. Historia ya vyombo, kama historia ya ushairi, huandikwa kwa majina ya washindi. Hapa nataka kuwatazama walioshindwa.

Tatizo lenyewe ni jepesi kulieleza na gumu kulitatua. Sauti huja kidogo kidogo, moja baada ya nyingine, ndiyo maana waya mmoja wa simu huitosha. Picha huja yote kwa pamoja. Ukisimama mbele ya mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe, unaona kwa mara moja nakshi, mnyororo na vichwa vya shaba. Waya hauwezi kubeba vyote hivyo kwa wakati mmoja, kwani kila dakika hupitisha jambo moja tu: umeme mwingi au umeme mchache. Basi picha haina budi kuvunjwa vipande, vipande vipangwe foleni, vipite kama watu wanaopita katika kichochoro chembamba, mmoja nyuma ya mwingine, kisha vikitoka upande wa pili kila kimoja kirudi mahali pake.

Fundi saa wa Scotland, Alexander Bain, alilipata wazo la kuivunja picha namna hiyo mwaka 1843. Katika miaka ya 1860 kasisi wa Kitaliano, Giovanni Caselli, akatengeneza mtambo uliopeleka maandishi na michoro kwa waya wa telegrafu kati ya Paris na Lyon. Lakini hizo zilikuwa picha zilizokwisha kuchorwa, zimetulia juu ya bamba. Uso ulio hai, unaopepesa macho na kucheka, ulihitaji kwanza kitu kitakachoweza kugeuza nuru kuwa umeme papo hapo.

Kitu hicho kilitoka baharini, kwa namna ya kusema. Mwaka 1817 mwanakemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, aligundua elementi aliyoipa jina la mwezi kwa Kigiriki, akaiita seleni. Kwa zaidi ya nusu karne seleni haikuwa na sifa kubwa. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith, aliyekuwa akishughulika na nyaya za telegrafu za chini ya bahari, alihitaji kitu kigumu kupitisha umeme kwa ajili ya kuzipima nyaya hizo zikiwa zinatandazwa. Akachagua vijiti vya seleni. Yeye na msaidizi wake Joseph May waliona vipimo vyao havitulii: vijiti vikifunikwa, umeme hupita kwa shida; vikipigwa na nuru, hupita kwa wepesi. Kilichokuwa kero kwa wapima nyaya kikawa mwanzo wa jicho la umeme. Kisiwa chetu hakikuwa mbali na shughuli hizo: mwaka 1879, miaka 6 tu baada ya ugunduzi huo, waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja.

Sasa palikuwa na jicho, lakini jicho lisilojua kusoma. Aliyelifundisha kusoma ni kijana wa miaka 23, Paul Nipkow, mzaliwa wa Lauenburg katika Pomerania, aliyekuwa mwanafunzi mjini Berlin. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1883, kama alivyosimulia mwenyewe, alikuwa peke yake chumbani na taa ya mafuta, mbali na jamaa zake, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Tarehe 6 Januari 1884 aliomba hataza, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi, kwa chombo alichokiita darubini ya umeme. Mwaka uliofuata akapewa, nambari 30105.

Ili kulielewa gurudumu la Nipkow, msomaji achukue karatasi nene, aitoboe tundu dogo, kisha aipitishe juu ya ukurasa wa kitabu. Kila mara ataona herufi moja tu, au nusu yake. Akiipitisha mstari wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, mwisho atakuwa ameuona ukurasa mzima, ingawa hakuuona wote kwa pamoja hata mara moja. Nipkow alitoboa matundu 24 katika sahani ya duara, si katika mviringo mmoja, bali kwa mpango wa kisogo cha konokono: kila tundu likiwa ndani kidogo kuliko lililotangulia. Sahani ikizunguka, tundu la kwanza hukata mstari mmoja wa picha. Likitoka tu, la pili huingia na kukata mstari wa pembeni yake. Mzunguko mmoja ukitimia, picha nzima imesomwa. Nyuma ya sahani hukaa seleni, ikigeuza kila chembe ya nuru kuwa umeme. Upande wa mpokeaji kuna sahani nyingine kama ile, na nyuma yake taa inayofifia na kung'aa kwa kufuata umeme unaokuja. Jicho la mwanadamu, ambalo hukawia kidogo kusahau lilichokiona, huziunganisha chembe hizo na kuona sura.

Yote haya husimama juu ya sharti moja. Sahani mbili lazima ziende pamoja, kwa kasi ile ile, na zianze mahali pale pale. Ya mpokeaji ikichelewa, sura hulala upande, hukatika katikati, kidevu kikawa juu ya paji la uso. Mwenye sikio la ushairi hahitaji maelezo marefu. Tungo ya mizani nane ukiiimba kwa lahani ya mizani kumi na mbili, maneno ni yale yale lakini shairi limekwisha kuvunjika. Mtumaji na mpokeaji wa televisheni ni kama mghani na wasikilizaji wake: wasipokubaliana kuhusu mapigo, hakuna kinachofika.

Nipkow hakuitengeneza sahani yake. Seleni ilikuwa nzito kuamka na nzito kulala, na umeme uliotoka kwake ulikuwa hafifu kuliko uwezo wa fundi yeyote wa zama zile kuukuza. Hakuna aliyeinunua fikra yake. Muda wa hataza ukapita, naye akaingia kazi ya uhandisi wa ishara za reli. Neno lenyewe televisheni lilikuwa halijazaliwa. Lilitamkwa na Mrusi Constantin Perskyi kwenye mkutano wa umeme mjini Paris mwezi Agosti 1900, nusu yake Kigiriki na nusu Kilatini. Nipkow alisubiri hadi 1928, kwenye maonyesho ya redio ya Berlin, ndipo akaiona televisheni kwa macho yake. Alikuwa na umri wa miaka 68. Mwaka 1935 utawala wa Wanazi uliipa jina lake stesheni ya televisheni ya Berlin, kwa makusudi yake wenyewe ya kujitukuza, na alipofariki Agosti 1940 ukamzika kwa heshima za dola.

Kati ya mkesha ule wa 1883 na miaka ya 1920 ilipita miaka 40. Kilichobadilika ni redio. Taa za kukuzia umeme zilizobuniwa kwa ajili yake ziliweza kuupokea mnong'ono wa seli ya nuru na kuugeuza kuwa ukelele. Ndipo watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja kivyake, wakalikumbuka gurudumu la Nipkow. Aliyekuwa maskini kuliko wote ndiye aliyejulikana zaidi.

John Logie Baird alizaliwa Helensburgh, Scotland, tarehe 13 Agosti 1888, mtoto wa mchungaji. Alisomea uhandisi Glasgow, lakini maisha yake yote aliandamwa na ugonjwa. Alijaribu biashara nyingi: aliuza soksi, akaenda Trinidad kutengeneza jemu, akarudi London kuuza sabuni. Mwaka 1923 afya ilimwangusha, akahamia Hastings, mji wa pwani wa kusini mwa Uingereza, kufuata hewa ya bahari. Huko, bila maabara na bila mfadhili, alianza kuunda televisheni. Mota aliikalisha juu ya kasha tupu la majani ya chai. Sahani aliikata kwenye boksi la kofia. Lenzi zilikuwa za taa za baiskeli, na vyote vilishikizwa kwa sindano za kushonea, uzi, gundi na lakiri. Kwa takataka hizo akafaulu kupeleka kivuli cha msalaba umbali wa hatua chache. Mwaka 1924 alipigwa na umeme mkali akarushwa chini, na mwenye nyumba akamwomba ahame.

Akahamia London, darini pa nyumba nambari 22, Frith Street, mtaa wa Soho. Machi 1925 duka kubwa la Selfridges lilimlipa awaonyeshe wateja mtambo wake, nao wakajipanga kuona vivuli vikitikisika. Vivuli havikumridhisha. Alitaka uso, wenye weusi, weupe na kijivujivu kilicho baina yake. Nuru aliyoihitaji ilikuwa kali mno kwa mtu aliye hai, hivyo alitumia kichwa cha sanamu alichokiita Stooky Bill. Tarehe 2 Oktoba 1925 kichwa hicho kilitokea kwenye kioo, si kivuli tena, bali chenye macho, pua na mdomo. Baird akateremka mbio hadi ofisi ya chini, akamkamata tarishi mmoja, William Taynton, kijana wa miaka 20, akamkalisha mbele ya taa. Alipokwenda kutazama upande wa pili hakuona kitu. Kumbe kijana, kwa joto na hofu, alikuwa amejisogeza nyuma. Baird alimpa shilingi mbili na nusu za Kiingereza ili avumilie. Hivyo mtu wa kwanza kuonekana usoni katika mtambo wa Baird alilipwa ujira wake palepale.

Tarehe 26 Januari 1926 wanachama wapatao 40 wa Royal Institution walipanda ngazi nyembamba za nyumba ile, pamoja na mwandishi wa gazeti la The Times, wakashuhudia. Picha ilikuwa ya mistari 30 tu, hafifu na yenye ukungu, lakini uliweza kumjua mtu kwa uso wake. Mei 1927 Baird alipeleka picha kwa waya wa simu kutoka London hadi Glasgow, umbali wa maili 438. Februari 1928 akazivusha bahari ya Atlantiki kwa redio, hadi Hartsdale karibu na New York. Mwaka huo huo sura ya binti mmoja ilirushwa kutoka London hadi kwenye meli Berengaria iliyokuwa katikati ya bahari. Ofisa wa redio wa meli hiyo alikuwa mchumba wake, naye alimtambua. Sisi tuliozaliwa ufukweni, tunaowajua mabaharia na wanaobaki wakiwangoja, hatuhitaji kuambiwa uzito wa dakika ile.

Waingereza humwita Baird mwanzilishi wa televisheni. Wamarekani hujibu kwamba tarehe 13 Juni 1925 Charles Francis Jenkins alirusha mjini Washington picha ya kinu cha upepo kinachozunguka, ya mistari 48. Wajapani nao wana Kenjiro Takayanagi, mwalimu wa Hamamatsu, ambaye tarehe 25 Desemba 1926 alitumia sahani ya Nipkow kusoma picha, na upande wa mpokeaji akaweka chupa ya kioo yenye miale ya elektroni badala ya sahani ya pili. Alichokichagua kukionyesha hakikuwa uso wala kinu. Kilikuwa herufi "i" ya Kijapani, ya kwanza katika mpangilio wa iroha. Na iroha asili yake ni shairi la kale, lililotungwa kwa ustadi wa kutumia kila silabi ya lugha hiyo mara moja tu, hata likawa ndiyo tartibu ya kufundishia alfabeti. Sisi pia tuna washairi waliotunga beti zao kwa kufuata alifu, be, te, mpaka mwisho wa herufi. Katika mambo yote niliyoyasoma kuhusu televisheni, hakuna lililonigusa kama hili: kwamba mwalimu mmoja, alipotaka kukijaribu chombo kipya, alianza pale shairi linapoanzia.

Kwa hiyo swali la nani wa kwanza halina jawabu moja, na huenda ni swali lisilo na faida. Kila mmoja wao alikuwa wa kwanza katika jambo fulani, na wote walikuwa na sahani ya kijana wa Berlin mikononi.

Tarehe 30 Septemba 1929 shirika la BBC lilianza kurusha majaribio ya Baird. Mwanzoni palikuwa na mtambo mmoja tu wa kurushia, ikabidi picha na sauti zipeane zamu: kwanza unamwona mwimbaji akifumbua mdomo kimya, kisha picha inaondoka na unamsikia akiimba. Hali hii ilidumu hadi mwisho wa Machi 1930, ilipopatikana njia ya pili. Wenye uwezo walinunua chombo kilichoitwa Televisor, wengine wakaunda vyao jikoni. Ndani yake mlikuwa na sahani ya aluminiamu yenye upana wa sentimita 50 hivi na taa ya neoni, na kwa sababu ya taa hiyo sura zote zilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva. Picha ilisimama wima, nyembamba, ikatazamwa kwa lenzi ya kukuzia. Mistari yake ilikwenda kutoka chini kupanda juu, na ilipangwa kuanzia kulia kwenda kushoto, kama mwandiko wa mababu zetu.

Mistari 30 haitoshi kuonyesha umati wala mandhari. Inatosha uso, na pengine mikono. Basi watayarishaji wakajifunza kutunga ndani ya mpaka huo, jambo ambalo kila mtunzi wa beti hulijua. Wachezaji walipakwa rangi nzito ili macho na midomo ionekane. Tarehe 14 Julai 1930 ulirushwa mchezo mfupi wa Luigi Pirandello kuhusu mtu mwenye maradhi ya mauti anayezungumza na msafiri usiku mkahawani. Uliufaa mtambo kwa sababu karibu wote ni maneno na nyuso. Picha zilionekana mara 12 na nusu kwa sekunde, zikipepesa kama koroboi katika upepo. Walioziona wakaendelea kukaa gizani mbele ya kitundu kile, usiku baada ya usiku.

Huenda hapa msomaji wa Unguja anangoja niseme habari za rangi. Televisheni yetu ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ya rangi, nayo hutajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo Afrika kusini mwa Sahara, wakati wenzetu wa Bara walingoja hadi miaka ya 1990 kupata televisheni yoyote. Ni fahari yetu, na ni ya haki. Lakini rangi ilizaliwa kwenye gurudumu. Tarehe 3 Julai 1928 Baird alionyesha picha za rangi kwa sahani yenye mizingo mitatu ya matundu: mmoja umefunikwa kioo chekundu, wa pili kijani, wa tatu buluu. Rangi tatu zikapita moja baada ya moja, na jicho likazichanganya. Wanaanga wa Marekani walipokwenda mwezini mwaka 1969, kamera yao ya rangi, iliyotumika kwanza katika safari ya Apollo 10, ilikuwa na kigurudumu cha vichujio vya rangi kinachozunguka nyuma ya lenzi. Seleni ilipewa jina la mwezi. Gurudumu nalo likafika huko.

Ni nini basi kilicholiangusha? Ni hesabu. Katika sahani ya Nipkow, umbali kati ya tundu na tundu ndio kipimo cha picha. Sahani ya sentimita 50, ukitoboa matundu 30 ukingoni, hukupa nafasi ya sentimita 5 hivi. Ukitaka picha safi zaidi, ya mistari 240, sahani hiyo hiyo itakupa nafasi ya milimita 6, ndogo kuliko ukucha. Ukiikuza sahani, mota itashindwa. Na kadiri tundu linavyopungua ndivyo nuru inavyopungua, kwani kila chembe ya picha hupata nafasi yake kwa kitambo kidogo mno, na nuru yote inayoanguka kwenye chembe nyingine wakati huo hupotea bure. Mskoti mwingine, Alan Campbell Swinton, alikwisha kuyaona haya mwaka 1908, akaandika katika jarida la Nature kwamba dawa ni miale ya elektroni, isiyo na uzito wala matundu. Mmarekani Philo Farnsworth, mtoto wa mkulima, ambaye husimuliwa kuwa alilipata wazo lake akitazama matuta ya shamba lililolimwa, alitimiza televisheni ya elektroni mjini San Francisco tarehe 7 Septemba 1927. Picha yake ya kwanza ilikuwa mstari mmoja mtupu.

Pambano la mwisho lilifanyika Alexandra Palace, London, kuanzia tarehe 2 Novemba 1936. BBC ilitumia mitambo miwili kwa zamu ya wiki: wa Baird wa mistari 240, na wa kampuni ya Marconi-EMI wa mistari 405, wa elektroni mtupu. Kwa vipindi vya studio Baird alipiga kwanza filamu, filamu ikaoshwa kwa dawa palepale, kisha ikasomwa kwa sahani, yote kwa muda wa dakika moja hivi. Kamera, iliyounganishwa na matangi ya maji na dawa, haikuweza kusogea. Tarehe 30 Novemba moto uliteketeza Crystal Palace, zilikokuwa maabara zake. Mapema 1937 mtambo wake ukaondolewa. Baird hakuacha kazi. Mwaka 1944 alionyesha kioo cha rangi cha elektroni alichokibuni mwenyewe. Alifariki tarehe 14 Juni 1946, wiki moja baada ya BBC kuirejesha televisheni iliyofungwa kwa vita.

Lakini tazama mshindi alichukua nini. Alichukua mistari, kutoka 30 ikawa 405, kisha 625, ambayo ndiyo niliyoiona mimi kwenye mkeka. Alichukua sharti la mapigo, mtumaji na mpokeaji kwenda sambamba. Alichukua ulegevu wa jicho na rangi tatu. Alichokiacha ni bamba la chuma tu.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Umeme wa picha za mistari 30 ulikuwa wa taratibu kiasi kwamba uliweza kusikika kwa sikio kama mlio. Baird alieleza kwamba kila sura ilikuwa na sauti yake. Kati ya 1927 na 1928 alizichora sauti hizo kwenye santuri za nta, kama zinavyochorwa nyimbo, akitumaini kuzirudisha kuwa picha. Hakufaulu sawasawa. Mwaka 1933 mpenzi mmoja wa televisheni naye alirekodi kipindi cha BBC nyumbani kwake kwenye sahani ya aluminiamu. Santuri hizo zilikaa nusu karne, zikikwaruza tu kwa aliyejaribu kuzisikiliza. Kuanzia miaka ya 1980 mhandisi Donald McLean alizisoma kwa kompyuta, akasahihisha mtikisiko wa mapigo yake, na sura zikatoka: Stooky Bill, na wacheza ngoma wa mwaka 1933 wakirusha miguu.

Nilipoyasoma haya niliona haya. Mwaka 1989 nilimrekodi mzee mmoja wa mtaani kwetu akighani utenzi alioupokea kwa mama yake, saa moja na nusu, kwenye kanda mbili za kaseti. Mzee alifariki. Kanda ziliota ukungu, na redio yangu ikawa inazitafuna. Mwaka 2006, tulipokuwa tukihama nyumba, nilizishika mkononi, nikajiambia kwamba hazisomeki tena, nikazitupa jalalani. Beti ninazozikumbuka hazifiki kumi. Leo najua kwamba kutosomeka kulikuwa kwa redio yangu. Ndani ya kanda sauti ya mzee huenda ilikuwa ingalipo, ikingoja chombo kizuri zaidi na mtu mvumilivu kuniliko.

Katika nyumba nyingi za visiwa vyetu na pwani yetu kuna santuri zilizopinda, kanda zilizonata na vikopo vya filamu vilivyoshika kutu, chini ya vitanda na juu ya makabati. Mwenye navyo asivitupe. Avifunge kitambaa kikavu, aviepushe na chumvi ya hewa, na aandike juu yake jina la aliyeimba au aliyeghani, na mwaka. Baird alishindwa kuzisoma santuri zake mwenyewe, lakini zilihifadhiwa.